Kabla Hamjabuni Neno, Fikeni Aggrey

Wajukuu zangu mnaotengeneza kamusi ya kwenye simu, mpango wenu nimeusikia na nimeufurahia. Ila kabla hamjajifungia ndani kubuni istilahi, nisikilizeni kidogo.

Mwaka 1668 John Wilkins, mmoja wa waasisi wa chama cha wanasayansi cha Royal Society ya London, alitoa kitabu kinene cha lugha aliyoibuni mwenyewe. Mwalimu wa Kiskoti, George Dalgarno, alikuwa ametoa cha kwake mwaka 1661. Wote wawili walitaka neno lenyewe limwambie msikilizaji kitu ni cha aina gani. Wilkins aliigawa dunia yote mafungu 40, kila fungu na silabi yake: de ni elementi, deb ni moto, deba ni mwali. Msimcheke. Ulaya ilikuwa imetoka kuuana kwa sababu ya dini, naye aliamini kwa dhati kwamba maneno yaliyo wazi yangepunguza ugomvi.

Kinachonisikitisha ni yaliyompata John Ray, bingwa wa mimea aliyeombwa kupanga majedwali ya mimea. Huyu aliijua mimea kwa kuifuata porini, akaona inavyofanana na inavyotofautiana. Jedwali lilikwisha kuamua makundi yawe mangapi, basi ikabidi mimea ibanwe humo hata pale isipoenea. Baadaye alimlalamikia rafiki yake kwa barua. Mwenye ujuzi alikuwepo, na hakusikilizwa. Hilo ndilo ninalowahofia ninyi.

Lugha yenyewe haikufika mbali. Robert Hooke aliitumia mwaka 1676 kuandika habari za saa, na baada ya marafiki wa Wilkins hakuna aliyeikopea unga wala kuibembelezea mtoto.

Na sisi tumepitia njia hiyo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1930 ilianzia hapa hapa Dar es Salaam, kisha mwaka 1967 likaja Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Kazi yao naiheshimu sana. Bila hao, vitabu vya shule vingekuwa vurugu tupu. Lakini wataalamu walituletea ngamizi, wengine wakasema tarakilishi, na Kariakoo mpaka leo inauza kompyuta. Halafu tazameni kishikwambi, yaani tableti. Nalo ni neno la kubuniwa, ila makarani wa Sensa ya 2022 walipita nalo mlango kwa mlango, kisha vifaa vile wakapewa walimu. Neno lilikuja na kitu chake mkononi, mwenye nyumba akakiona, akakitaja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa limeshika.

Kwa hiyo shukeni Msimbazi, hapo Kariakoo, mwingie Mtaa wa Aggrey kwenye maduka ya simu. Wapiteni mawinga wanaovuta wateja, mtafute fundi aliyeinamia meza yake na bisibisi ndogo. Msimuulize hiki anakiitaje, maana atawajibu kisomi ili awaridhishe. Kaeni pembeni, msikilize anavyoongea na mteja: simu inakula chaji, simu imeganda, kioo kimekufa. Mteja anaelewa papo hapo, bei inakubaliwa, kazi inaanza. Hapo mna istilahi ambayo tayari ina watu wake. Inayokosekana, na zipo nyingi zinazokosekana, ndiyo muibuni ninyi.

Mkishaandika rasimu, msiipeleke chuo kikuu kwanza. Mrudishieni yule fundi, mumsomee neno moja moja, na atakalolikunjia uso liwekeni kando mpaka mjue kwa nini. Na kamusi ikitoka, akiridhia, jina lake liandikwe ukurasa wa mbele, pamoja na majina ya maprofesa.