Kura Ilipomwangukia Mwingine

Kuna majira ya mwaka ambayo hayamo katika kalenda ya Kanisa, walakini yanajulikana sana katika nyumba za Wakristo wetu. Ni majira ya kungoja. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanywa mwezi wa Mei. Matokeo hutangazwa mwezi wa Julai. Kisha maombi hupelekwa vyuoni, na jamaa nzima hukaa ikitazama njia. Zamani watu walitazama njia ya posta. Siku hizi hutazama simu. Usiku mama huiweka kando ya mto, na baba arudipo jioni hana swali ila moja: “Bado?” Naye kijana hujibu, “Bado, baba.”

Kungoja huku huwa kukali zaidi katika nyumba ya kijana aliyeomba kusomea udaktari. Viko vyuo vyetu: Muhimbili, ambacho asili yake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963; kile cha Kanisa letu pale Bugando, Mwanza; kile cha KCMC, Moshi; na vinginevyo. Lakini viti vya udaktari ni vichache kuliko vijana wanaovitamani, na kijana mwenye alama nzuri huweza kuachwa kwa sababu wenzake wana alama nzuri zaidi. Katika nchi nyingine, kama Uingereza, mwombaji huitwa kwanza mbele ya waalimu na madaktari, akahojiwa ana kwa ana, kisha akarudishwa nyumbani kungoja jibu. Kwetu alama za mtihani ndizo zinazosema zaidi. Hata hivyo, aliyehojiwa na asiyehojiwa hungoja kwa moyo ule ule: jambo limekwisha kutoka mikononi mwao, wala hawawezi tena kuongeza neno.

Hivi karibuni mama mmoja alituandikia barua. Binti yake aliomba udaktari. Alama zake zilikuwa za kutosha, nyumba nzima ilisali novena, lakini awamu ya kwanza ikapita jina lake lisionekane. Jumapili iliyofuata, baada ya Komunyo, padre alisoma majina ya vijana wa parokia waliochaguliwa, na waamini wakapiga makofi. Binti yule alikuwa ameketi na wanakwaya. Tangu siku ile hajarudi kwaya, na kwenda Misa ni mpaka asukumwe. Mama auliza: “Padre, je, Mungu alizisikia sala za wale akaziacha zetu?”

Swali hili halifai kujibiwa kwa haraka. Si swali la mama huyu peke yake. Liko mioyoni mwa wazazi wengi, ingawa si wote wenye ujasiri wa kuliandika.

Tufungue sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Bwana wetu alikuwa amekwisha kupaa mbinguni, na Roho Mtakatifu alikuwa hajashuka. Katikati ya sikukuu hizo mbili kuna siku za kungoja, na kutokana nazo Kanisa limejifunza desturi ya novena. Mitume walikuwa katika chumba cha juu wakidumu katika sala, pamoja na Bikira Maria na wanafunzi wengine, wote wakipata kama 120. Katika siku hizo Petro alisimama, akawaambia kwamba nafasi ya Yuda imebaki wazi na haina budi kujazwa. Akataja na sifa zitakiwazo: mtu huyo awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohane hata siku Bwana alipopaa. Wakaonekana wawili wenye sifa hizo. Mmoja ni Yosefu aitwaye Barsaba, aliyeitwa pia Yusto, yaani mwenye haki. Wa pili ni Matia. Nafasi ilikuwa moja. Wakasali, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Matia.

Juu ya Mtakatifu Matia tumehubiri mara nyingi. Sikukuu yake ni tarehe 14 Mei, mwezi ule ule wa mtihani wa vijana wetu. Lakini ni nani kati yetu amewahi kusikia mahubiri juu ya Yosefu Barsaba? Naye alikuwa na sifa zote. Hakushindwa mtihani. Alimfuata Bwana kwa miaka ile ile aliyomfuata Matia, juani na mvuani, na katika Maandiko jina lake ndilo linalotajwa la kwanza. Akasimama mbele ya ndugu zake wote akingoja, kisha akasikia likitajwa jina la mwenzake.

Angalieni sasa ile sala. Hawakusali sala mbili, moja ya kumwombea Yosefu na nyingine ya kumwombea Matia. Walisali sala moja, wakimwomba Mungu aijuaye mioyo ya watu wote aonyeshe ni yupi aliyemchagua kwa utumishi ule. Basi hatuwezi kusema kwamba Matia alisikiwa na Yosefu akaachwa. Sala ilikuwa ya wote wawili, na wote wawili walijibiwa: mmoja alipewa kazi, na mwenzake akajulishwa kwamba kazi ile si yake. Jibu la pili ni chungu, lakini nalo ni jibu, tena limetoka kwa Baba yule yule.

Tena Maandiko hayasemi kwamba Yosefu alinuna, wala kwamba alidai kura ipigwe upya, wala kwamba alitoka katika chumba kile akafunga mlango nyuma yake. Ilipofika siku ya Pentekoste wanafunzi wote walikuwa mahali pamoja, nasi twaamini kwamba naye alikuwamo. Roho Mtakatifu hakuwashukia wale Kumi na Wawili tu.

Hapa tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kila orodha ya wanadamu ni sauti ya Mungu. Orodha ya chuo hufanywa na watu, kwa kuhesabu alama na viti. Baada ya awamu ya kwanza huweza kuwako nyingine, na baada ya mwaka huu kuna mwaka ujao. Kijana aliyeachwa aweza kuomba tena bila aibu yo yote, na mzazi aweza kumtia moyo aombe tena. Tusemalo ni hili: orodha yaweza kueleza ni nani atakayekaa katika kiti fulani mwaka huu. Haina uwezo wa kueleza thamani ya mtoto wako mbele ya Mungu, wala haina ruhusa ya kueleza thamani yake mezani pako.

Wazazi wapenzi, hapo ndipo yatupasa kujichunguza dhamiri. Masomo ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini. Twamtaka mtoto aende huko kwa ajili ya wagonjwa, ama kwa ajili ya sifa ya ukoo? Kama ni kwa ajili ya sifa yetu, mtoto akiachwa twaona aibu sisi, naye huisoma aibu hiyo usoni mwetu kabla hatujafungua kinywa. Akichaguliwa, huenda akibeba mzigo usio wake. Na usiku wa manane, mbele ya mgonjwa anayelia, sifa ya ukoo haitamsaidia kitu.

Katika siku hizi za kungoja Shetani naye hakai bure. Kuna watu wapigao simu usiku na kusema, “Jina la mwanao liko karibu, tuma fedha kidogo tuliingize.” Wengi wao ni matapeli tu, wala mlango wa chuo hawaujui. Na hata kama angekuwako mmoja awezaye kufanya asemavyo, kiti kinunuliwacho kwa siri kimeibwa kwa mtoto wa mtu mwingine, na fedha ya ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili hiyo ni fedha ya wizi. Amri ya saba haina likizo. Tena nani atapenda kutibiwa na daktari aliyeianza kazi yake kwa rushwa?

Kuna na kosa jingine, ambalo wengi hawalioni kuwa kosa. Kijana aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu athibitishe kimoja tu. Wengine hukawia makusudi, wakiyaonyesha majina yao mawili kwa marafiki kama mtu aonyeshavyo viatu vipya. Wakati huo huo, katika kijiji fulani, mwenzao halali usingizi kwa ajili ya kiti kile kile wasichokitaka. Kijana Mkristo athibitishe mapema, akiachilie kile cha pili kwa moyo mweupe. Hiyo ni haki, na pia ni tendo la huruma kwa mtu asiyemjua.

Na yule anayengoja, afanye nini? Asikae mikono mitupu. Kama atamani kweli kuwaponya watu, wagonjwa wako mtaani kwake leo. Hawangoji barua ya chuo. Amchotee maji bibi asiyeweza kutoka nje. Amsindikize mzee mpaka zahanati, akae naye katika foleni. Afuatane na katekista anapowatembelea wagonjwa wa jumuiya. Hapo atajifunza kama moyo wake waweza kuvumilia harufu ya kidonda na maneno makali ya mtu mwenye maumivu, jambo ambalo mtihani wa Kemia hauwezi kumfundisha. Akija kuitwa, ataingia chuoni akijua kwa nini ameingia. Asipoitwa, siku zake hazikupotea.

Tena milango ya kuponya si mmoja. Katika zahanati nyingi za vijijini mgonjwa hapokewi na daktari mwenye shahada. Hupokewa na tabibu au muuguzi, na mkono wao ndio unaomwokoa mama mzazi na mtoto mwenye homa. Kijana asomaye utabibu, uuguzi, ufamasia au kazi ya maabara asihesabiwe kwamba amekosa. Wazee wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, wanalikumbuka jina la Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kujifunza utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema akiwa daktari na katekista, akaishi kati ya watu wa huko na kuwahudumia mpaka alipofariki mwaka 1956. Njia aliyopitishwa hakuna mzazi ambaye angemchagulia mwanawe. Lakini Mungu aliitumia njia hiyo hiyo kuwapatia watu wa ziwani mganga wa mwili na roho.

Nasi mapadre tuna neno la kujirudi. Ni vema kumshukuru Mungu hadharani kwa ajili ya vijana waliochaguliwa. Lakini tunapoyasoma majina yao kanisani na kunyamaza kabisa juu ya wengine, twaweza kuwafanya watoto wa Mungu waione Altare kama ubao wa matokeo. Sisi wenyewe tumefanya hivyo zaidi ya mara moja, na barua ya mama huyu imetukuta na hatia. Basi tukisoma majina, tuwaombee pia wale wanaongoja na wale ambao hawakuitwa, pasipo kuwataja. Na baada ya Misa tumtafute kijana huyo, tumwulize habari zake, tukae naye kidogo. Padre asingoje mpaka mama aandike barua kwa gazeti.

Twaomba basi kila nyumba inayongoja iongeze kumi moja la Rozari jioni, si kwa ajili ya mtoto wake, bali kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyeomba kiti kile kile. Najua ni sala ngumu. Lakini ndiyo sala ya chumba cha juu, na anayeweza kuisali amekwisha kupokea zaidi ya alichokuwa akiomba.

Kanisa halikumsahau yule ambaye kura haikumwangukia. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za Watakatifu, Kanisa la Roma humtaja Yosefu Barsaba tarehe 20 Julai, katika mwezi ambao vijana wetu hupata matokeo yao. Hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili, walakini ni Mtakatifu.

Na wewe, binti yetu uliyeacha kwaya, mama yako hakulitaja jina lako, wala sisi hatulihitaji. Tumekuombea katika Misa. Jumapili hii rudi mahali pako kati ya wenzako. Sauti yako haikuomba nafasi pale. Ilipewa na Mungu, na hakuna aliyeichukua.

Mtakatifu Yosefu Barsaba, uwaombee wote wanaongoja. Amina.