Barua Iko Dodoma, Wewe Uko Pito



Leo naongea na kundi moja tu la vijana, wengine mtanisamehe. Naongea na wewe kaka, na wewe dada, uliyetuma maombi ya kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania na mpaka leo hujasikia kitu. Hasa wewe unayeutamani uofisa. Hapa Pito mko wengi kuliko mnavyojuana, maana kila mmoja anasikilizia kimya kimya.

Mchakato unaujua. Tangazo linatoka, siku ni chache. Unakimbizana na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule. Barua unaiandika kwa mkono wako, unakosea neno moja, unachukua karatasi nyingine unaanza upya. Bahasha inaondoka Sumbawanga mjini kwenda Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma. Halafu kimya. Wiki, mwezi, miezi. Na hata ukiitwa, kwa anayetaka uofisa safari ndiyo kwanza inaanza: usaili, vipimo vya afya, mafunzo ya awali, kisha kuchaguliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mpaka siku ile Amiri Jeshi Mkuu anapokutunuku kamisheni na unaitwa Luteni Usu. Kati ya kila hatua na nyingine kuna kungoja kwake. Wapo kati yenu waliokwisha kupita JKT, pengine hapa hapa Rukwa, Luwa au Milundikwa, wakarudi nyumbani na cheti, wakaanza kungoja upya.

Wakati huo umri haungoji. Matangazo ya karibuni yanataka mwenye kidato cha nne au cha sita asizidi miaka 24, na mwenye shahada anaongezewa michache tu. Kwa hiyo birthday yako siku hizi haikufurahishi, inakutisha. Na kila Jumapili mkitoka Misa kuna shangazi mmoja lazima aulize, "Vipi baba, wameshaita?" Hana ubaya. Lakini unatamani upitie mlango wa sakristia.

Kwanza niseme hili: kuchoka kungoja si dhambi. Mtu akikuambia mwenye imani halalamiki, mpeleke kwenye Zaburi ya 13. Ni fupi, hata kwenye daladala unaimaliza. Mwenye kusali pale anamuuliza Mungu mara nne mfululizo kwamba ni mpaka lini. Mara nne, kabla hajaomba chochote. Na Kanisa halikuitoa zaburi hiyo kwa kuona ni utovu wa adabu. Tunaisali mpaka leo. Basi na wewe mwambie Mungu kama ulivyo. Anayapokea.

Sasa tufungue Samweli wa Kwanza, sura ya 16 na ya 17. Habari ya Daudi tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, ila huwa tunaruka kipande cha katikati kwa haraka ya kumfikia Goliati. Samweli anafika Bethlehemu, wanapita kaka saba, wote wanakataliwa. Anaitwa wa mwisho kutoka machungani, anapakwa mafuta mbele ya familia nzima. Halafu nini? Hakuna gari la kuja kumchukua. Kaka zake watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, wanakwenda vitani na mfalme. Yeye aliyepakwa mafuta anabaki na kondoo, anakwenda na kurudi. Siku moja baba yake anamwita: wapelekee kaka zako chakula kambini. Nafaka iliyokaangwa, mikate kumi, na jibini kumi za mkuu wao.

Hebu kaa hapo kidogo. Mfalme mtarajiwa amebeba kapu la chakula, anawapelekea wenzake waliokwisha kuvaa sare.

Wewe hili unalijua vizuri kuliko mhubiri yeyote. Mliosoma nao wameshapita depo, wanaweka picha kwenye status, kombati imenyooka, kiatu kinang'aa. Na wewe ndiye unayeandika "Hongera sana kamanda" huku koo limekauka. Au mdogo wako wa kuzaliwa kaitwa kabla yako na mama anakutuma umpelekee begi stendi. Daudi alilibeba kapu. Na alipofika, kaka yake Eliabu hakumshukuru. Alimfokea na kumuuliza kwa dharau wale kondoo wachache amewaachia nani. Ukisoma vizuri mstari wa 20 utakuta jibu ambalo Eliabu hakulijua: kabla ya kuondoka alfajiri, Daudi aliwaacha kondoo kwa mchungaji. Hakuwatelekeza. Kazi ndogo ambayo hakuna aliyeiheshimu, yeye aliifanya hadi mwisho.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli, maana nimesikia mahubiri mengi mtandaoni yanayowapoteza vijana. Daudi alikuwa na mafuta ya Samweli kichwani. Wewe una risiti ya posta. Mungu alimwahidi Daudi ufalme. Wewe hajakuahidi nyota mabegani. Usimwekee Mungu maneno mdomoni kwa kusema "nimeshapokea kwa imani, jina langu lipo", halafu orodha ikitoka bila jina lako uanze kuona kama Mungu ni mwongo. Alichokuahidi ni kuwa pamoja nawe, uitwe au usiitwe. Najua inasikika kama ndogo ukiwa na njaa ya ajira. Si ndogo.

Tena ukimya wa Dodoma si ukimya wa Mungu. Maombi ni mengi, nafasi ni chache, na watu wanaoyapitia ni watu. Usikae unatafuta ndani ya kila kuchelewa ujumbe wa siri kwamba umelaaniwa, au kwamba kuna mtu kijijini kakufunga. Wapo wanaotoka kwenye novena wakapitiliza kwa mganga "kufungua njia". Ndugu yangu, hapo umekwenda kutafuta nini?

Ninachokiogopa zaidi kwa vijana wetu ni njia ya mkato. Fungua sura ya 24 ya kitabu hicho hicho. Daudi sasa anawindwa, amejificha na watu wake pangoni huko En-gedi. Sauli anaingia peke yake kwenye pango lile lile kujisaidia, hajui kuna watu ndani. Rafiki zake Daudi wanamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku ambayo Mungu alimsemea. Angalia ujanja wa jaribu: limekuja limevaa joho la baraka. Pigo moja tu na kungoja kumekwisha. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamsumbua.

Pango lako linakuja kwa simu. "Dogo, kuna mtu wangu pale makao makuu, nafasi zimebaki mbili, milioni kadhaa tu, lakini leo leo." Mama anasikia, anasema Mungu amejibu rozari zetu. Magunia ya mahindi yanauzwa bei ya kutupa, ng'ombe wa kulimia anatolewa zizini, pesa inatumwa, namba inazimwa. Jeshi lenyewe limekuwa likionya mara kwa mara kuhusu matapeli wa namna hii, na bado kila tangazo likitoka wanapata watu, kwa sababu mtu aliyechoka kungoja anaamini haraka.

Na tuseme basi huyo mtu si tapeli, kweli ana uwezo wa kukuingiza. Je, hapo ni salama? Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamuuliza na wao wafanye nini. Hakuwaambia waache uaskari. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu mali kwa nguvu wala kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Sasa wewe uliyeingia kwa milioni za mkopo, mshahara utakutosha vipi? Siku ya kwanza kazini una deni la kurudisha, na una bunduki. Aliyenunua nafasi ameketi pia kwenye kiti cha mtoto wa mtu mwingine, wa Nkasi au Kalambo, ambaye mama yake hakuwa na ng'ombe wa kuuza. Hilo nalo lipeleke kwenye kitubio.

Kuna jaribu jingine, la hasira. Mtakumbuka Aprili 2021. Vijana 854 waliokuwa wakijitolea JKT waliondolewa baada ya kugoma na kuandamana wakidai kuajiriwa jeshini. Aliyetangaza ni Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo. Walikuwa wamefanya kazi ngumu na walikuwa wamengoja. Siwezi kukaa hapa kwenye kiti nikawacheka, uchungu wao naulewa. Lakini askari anayetafutwa ni yule anayeweza kushikilia kituo usiku kucha bila kujua atapokelewa saa ngapi, na kungoja kwao kuliwaponyoka mkononi karibu na mwisho. Mwaka uliofuata walisamehewa. Naomba mkumbuke na hilo la msamaha, maana kuna mtu anasoma hapa ambaye jina lake liliharibika mahali fulani na anadhani ndiyo basi tena.

Sasa, unafanya nini wakati unangoja? Wazee wetu wa Ufipa walikuwa na kilimo cha intumba, na wapo wanaokiendeleza. Mvua zikiwa bado zipo, wanageuza udongo na majani yake, majani yanafunikwa chini, shamba zima linajaa vituta vya mviringo. Majani yanaoza humo ndani, hakuna anayeyaona. Ulezi hauwekwi mwaka huo. Unasubiri msimu ujao, vituta vitakapotawanywa. Lakini Mfipa hakukaa mkono shavuni akiangalia udongo ukioza. Juu ya vituta hivyo hivyo alipanda maharage. Watoto walikula maharage wakati ulezi unasubiriwa.

Panda maharage, kaka. Kijana aliyesimamisha kila kitu, asilime kwa sababu "naweza kuitwa wiki hii", asijiunge VETA kwa sababu "nitakatisha", asigombee uongozi wa VIWAWA kwa sababu "sitakuwepo", huyo akiitwa atakwenda mtupu, na asipoitwa atakuwa amepoteza miaka mitatu. Lima heka moja. Jifunze kuchomelea. Fundisha watoto wa mafundisho kigangoni, wanakuhitaji sana kuliko unavyodhani. Kimbia asubuhi hata baridi ya Julai ikikung'ata masikio, maana vipimo vya afya havina huruma. Na sali ratiba yako, hata kumi moja tu ya rozari, siku ambayo huna hamu kabisa.

Na kama mlango utafungwa moja kwa moja? Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika amezikwa mwanajeshi Mkatoliki aliyefungiwa mlango. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa 1842, alikuwa katika jeshi la Baba Mtakatifu. Mwaka 1870 Roma ilitekwa, jeshi lile likavunjwa. Hajafika miaka 30, cheo chake hakina tena jeshi la kukitumikia. Ilipita karibu miaka kumi ndipo alipokuja huku na Mapadri Weupe, akapita Karema, misheni iliyolizaa jimbo letu la Sumbawanga, kisha akavuka kwenda Mpala akilinda vijiji dhidi ya wateka watumwa. Akaoa huko, akazeekea huko, akafa 1927. Zama zake zilikuwa za ukoloni na kuna mengi ya kujadili, hayo tuwaachie wanahistoria. Mimi nawaza tu ile miaka kumi ya nyumbani Ufaransa, watu wakimuuliza sasa unafanya nini.

La mwisho ni la ofisa mwingine, Kornelio wa Kaisaria, Matendo sura ya 10. Naye alingoja. Alituma watu Yafa kumwita Petro, na siku zikapita. Petro alipofika alikuta nyumba imejaa: Kornelio alikuwa amewakusanya ndugu na rafiki zake wa karibu, wanangoja pamoja. Wewe unangoja peke yako, na simu chini ya mto, ukiamka usiku kuangalia kama orodha imetoka. Kwa nini Jumuiya yako haijui? Wanasali kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri, mvua. Wewe hujawahi kutaja nia yako kwa sababu unaogopa kuchekwa usipoitwa. Wiki hii itaje. Kama huwezi, mwambie katekista aitaje bila jina. Tusali basi, popote ulipo:

Ee Yesu, ulikaa Nazareti miaka mingi mikono yako ikishika mbao, hakuna aliyekujua. Unaiona barua yangu ilipo. Unamwona mama anavyonitazama simu ikiita. Nikiitwa, niingie na mikono safi. Nisipoitwa, usiniache nikae kijiweni na uchungu. Nipe leo nguvu ya kwenda shambani, na usiku nipe usingizi. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa wafanyakazi, utuombee. Amina.