Kumfunza Mtoto Mwenye Usonji: Njia Ipi ni ya Haki?

Wako watoto wenye macho mazima na masikio mazima, wasioitika wakiitwa kwa majina yao. Mmoja hatamki neno hata akitimiza miaka minne. Mwingine huzungusha kifuniko cha chungu mchana kutwa, na mvua ikipiga juu ya mabati hulia na kugonga kichwa ukutani. Hali hiyo yaitwa usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, akiandika habari za watoto 11.

Watu wapatapo taabu hiyo hutafuta mkosaji. Katika Kongo wako wasemao kwamba mtoto wa namna hiyo ni mchawi. Huko Ulaya na Marekani, zamani, wenye elimu waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao. Wote walikosa. Usonji watokana na jinsi ubongo unavyokua, na kwa kadiri kubwa ni urithi wa mwili. Mama hana hatia, wala mtoto si mchawi. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumshitaki mtoto uchawi.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini mtoto aweza kufunzwa. Njia mojawapo yaitwa tiba ya tabia. Mwalimu hutazama mambo matatu: lililotangulia tendo, tendo lenyewe, na lililofuata. Mtoto alia, apewa maji. Kesho atalia tena, kwa maana kilio chamletea maji. Basi mama amwonyesha kikombe, amsaidia kukigusa kwa mkono, na papo hapo ampa maji kwa furaha. Siku kwa siku apunguza msaada, mpaka mtoto akiguse mwenyewe. Hapo amepata njia ya kuomba.

Je, tuzo hiyo si rushwa? Siyo. Rushwa humpotosha mtu kwa faida ya mwenye kuitoa. Tuzo hiyo ni kwa faida ya mtoto, imwonyeshe jema asilolijua bado.

Lakini yabaki maswali mawili mazito.

La kwanza: je, matunda mema hutakasa kila njia? Huko Los Angeles, Ole Ivar Lovaas aliwafundisha watoto wengi kusema kwa tuzo na mazoezi. Walakini katika miaka ya 1960 aliwaadhibu pia kwa makofi na kwa umeme. Mwaka 1987 alitangaza kwamba, kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 hivi kila juma, 9 walimaliza darasa la kwanza pamoja na watoto wengine. Wataalamu wengine walishuku hesabu hiyo. Hata ingekuwa kweli tupu, si halali kutenda ubaya ili wema upatikane. Mtoto asiyeweza kusema ameumizwa yampasa kulindwa kuliko wote.

La pili: faida ni ya nani? Mtoto akikimbilia mto, sharti afunzwe kusimama. Akitikisa mikono tu kwa furaha, hamdhuru mtu. Anayemkataza atafuta kuepuka aibu mbele ya majirani. Watu wazima wenye usonji washuhudia leo kwamba kulazimishwa kujificha kuliwaumiza sana. Basi mafunzo ya haki humpa mtoto uwezo wa kuomba, kukataa, kula, kunawa na kucheza. Hayamgeuzi awe mtu mwingine.

Injili yasimulia habari za kiziwi aliyeletwa kwa Bwana Yesu. Bwana alimtenga na makutano, akamgusa masikio na ulimi. Hakuanza kwa maneno ambayo yule hakuweza kuyasikia. Alianza kwa alama aliyoweza kuifahamu. Mzazi mkristu afanye vivyo hivyo: amwondoe mtoto katika kelele, amwendee kwa njia anayoweza kuipokea, na avumilie. Mtoto huyo ana roho isiyokufa, naye aweza kumpenda Mungu kabla hajajua kutamka jina lake.