Nani Anayesimulia Kifo cha Jambazi? Tafakuri ya Kimaadili

Katika semina moja ya uzamili, tulipokuwa tukijadili nafasi ya msimulizi asiyeaminika katika riwaya, mjadala ulituponyoka ukaingia katika habari ya siku hiyo: washukiwa watatu wa wizi wa mabavu walikuwa wamepigwa risasi na polisi wakafa. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyekuwa amefundisha shule ya upili kwa miaka mingi kabla ya kurejea chuoni, alisema kwamba baba yake aliuawa na majambazi nyumbani kwake, na kwamba majuma matatu baadaye familia iliarifiwa kuwa waliomuua walikuwa wamepatikana na kuuawa. "Mwalimu," aliniambia, "siku ile ndipo nilipopata usingizi." Hakuna aliyemjibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa kwa kuchelewa, na hayanuii kumsuta.

Suala lenyewe si geni nchini Kenya. Kizazi kilichotutangulia kilisimuliana habari za Patrick Shaw, polisi wa akiba aliyekuwa pia mfanyakazi katika shule ya Starehe na aliyefariki mwaka 1988. Katika masimulizi ya mitaani alikuwa nusu mtu, nusu zimwi, na watoto walitishwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 yalitajwa majina ya Wanugu, Rasta na Wacucu, na watu walifuata msako wao kama wafuatao hadithi inayotolewa kwa mfululizo gazetini. Mwaka 2005 aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, alitoa amri kwamba atakayepatikana na bunduki asiyo na kibali nayo apigwe risasi. Kisha mwishoni mwa mwezi wa Machi 2017, mtaani Eastleigh, vijana wawili waliuawa mchana hadharani, na kanda ya video ikamwonyesha mtu aliyevalia kiraia akimfyatulia risasi kijana aliyekuwa amelala chini. Lililozua mjadala halikuwa kanda hiyo peke yake. Watu wengi, wakiwemo wakazi na wafanyabiashara wa mtaa huohuo, walijitokeza kumtetea aliyefyatua. Mhakiki hawezi kuwapuuza wasomaji wengi kiasi hicho kwa kusema tu kwamba wamepotoka.

Aghalabu swali huulizwa hivi: je, ni halali kwa askari kumuua mshukiwa mwenye silaha? Kwa maoni yetu swali hili limeharibiwa na sarufi yake kabla halijajibiwa. Kiswahili kina njia kadhaa za kumhusisha mtu na silaha, nazo hazilingani. Tukisema "mwenye silaha", tumeitumia -enye, ambayo huifanya silaha kuwa sifa ya mtu kama vile urefu au kipara, haina wakati. Tukisema "aliyefyatua risasi", tumeingia katika wakati uliopita. Tukisema "atakayeua", tunatabiri. "Anayeelekeza bunduki" ndiyo kauli ya pekee kati ya hizi inayoeleza jambo linalotendeka huku tukilitazama.

Dai la makala haya ni kwamba haki ya askari kuua, kama ipo, inakaa katika -na- hiyo, wala haihamishiki. Askari aliyeelekezewa mtutu kifuani hana wajibu wa kusubiri afe ndipo athibitishe kwamba alikuwa hatarini. Wala hatumtarajii afanye falsafa katika nafasi ya kupepesa jicho. Tarehe 21 Septemba 2013, wauaji walipokuwa wakipita kwenye maduka ya Westgate wakiwamiminia watu risasi, na hatimaye 67 wakafa, hakuna mwenye akili timamu aliyeuliza kwa nini hawakutiwa pingu kwanza. Kadhalika wale askari zaidi ya 40 waliouawa karibu na Baragoi mwezi wa Novemba 2012 ni ukumbusho kwamba anayetumwa kuikabili bunduki naye ana mama. Mtetezi wa haki za binadamu asiyeanza kwa kuyakiri haya husikilizwa na watu wanaokubaliana naye tayari.

Hata hivyo, tukizisikiliza kwa makini hoja zinazotolewa hadharani kutetea mauaji ya washukiwa, tutagundua kwamba -na- haimo. Husemwa: "Huyo aliua." Husemwa pia: "Angeachwa, angeua tena." Hoja ya kwanza ni ya wakati uliopita, nayo ni hoja ya adhabu. Ya pili ni ya wakati ujao, nayo ni hoja ya kinga. Huenda zote mbili zikawa za kweli kabisa kuhusu mtu fulani, lakini hazijibu swali la kujihami, kwa sababu kujihami hakuulizi mtu ni nani bali anatenda nini sasa. Kijana wa Eastleigh, kama kweli alikuwa na bastola dakika chache kabla, alikuwa mtu yuleyule alipokuwa amelala sakafuni. Lakini hali yake mbele ya bunduki ya askari haikuwa ileile tena. Amri ya 2005 nayo ilikuwa na kasoro hiyohiyo, maana iliifanya kuwa na silaha itoshe, na hivyo ikaitoa -na- katika sheria ikaiweka -enye mahali pake.

Sheria tuliyo nayo leo, kwa maneno makavu zaidi, inasema jambo la namna hii. Katiba ya 2010 inalinda uhai katika ibara ya 26 na kumhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo katika ibara ya 50. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo kabla ya kufyatua, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha, nalo linaijenga haki ya kujihami juu ya tishio la karibu. Sheria, basi, tunayo. Kinachotushinda ni masimulizi.

Hapa ndipo fani yetu inapoweza kusaidia kidogo. Taarifa ya kuuawa kwa majambazi ni utanzu wenye kanuni zake, na msomaji yeyote wa magazeti ya Kenya anaweza kuitunga akiwa amefumba macho. Polisi walipashwa habari na wananchi. Washukiwa waliamriwa wajisalimishe. Walikaidi, wakaanza kufyatua risasi. Maafisa wakajibu. Watatu wakafa papo hapo, mmoja akatoroka akiwa na majeraha. Ikapatikana bastola moja na risasi kadhaa. Mara nyingine hupatikana bunduki ya bandia. Fomula hii ni kongwe na imara kama vianzio vya ngano.

Ni lazima tujihadhari hapa. Kwamba kauli ni fomula hakuthibitishi kuwa ni uongo. Makabiliano ya kweli hutokea, na yakitokea mara nyingi yatasimuliwa kwa maneno yanayofanana. Hata daktari huandika ripoti zake kwa maneno yaleyale. Tatizo la fomula ni kwamba humwondolea msomaji kazi ya kuuliza. Angalieni pia nomino zinavyobadilika ndani ya aya moja. Mtu huanza akiwa "mshukiwa", neno linalotokana na kitenzi cha kutendwa na ambalo, tukilichunguza, halisemi lolote juu yake. Linasema tu kwamba kuna mwingine anayemshuku. Kabla aya haijaisha ameshakuwa "jambazi", neno ambalo kwa umbo limo katika kundi moja na majitu, majizi na majangili, nomino tunazozitumia kukuza na kubeua. Kati ya nomino ya kwanza na ya pili palitakiwa kuwe na hakimu, mashahidi na wakili. Pamekuwa na kituo cha sentensi.

Zaidi ya hayo, masimulizi haya yana msimulizi mmoja, na msimulizi huyo ni mhusika. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanafundishwa kumshuku msimulizi wa nafsi ya kwanza mwenye maslahi katika kisa. Nje ya darasa tunaisahau kanuni hiyo kwa urahisi wa kushangaza.

Labda sababu moja ni mazoea yetu ya kusoma. Riwaya ya Kiswahili ya uhalifu imetupa mapokeo mawili. La kwanza ni la Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anayevuta kiko, anayeuliza, anayekosoa dhana za wengine, na ambaye ushindi wake ni maelezo anayoyatoa mbele ya watu. Katika mapokeo haya kuujua ukweli ndiyo haki yenyewe. La pili ni la Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ambamo adui hujulikana mapema na kinachobaki ni kumwahi. Sisemi kwamba Musiba amewaharibu vijana. Hoja za namna hiyo ni za wachungaji na walimu wakuu. Ninasema tu kwamba mapokeo la pili lina haki ya kuwepo kwa kuwa mwandishi ametuhakikishia, kwa mamlaka aliyo nayo juu ya ulimwengu wake, kwamba adui ni adui. Ofisa wa polisi hana mamlaka hayo juu ya Kayole. Kusoma taarifa ya kituo cha polisi kana kwamba ni riwaya ya Willy Gamba ni kosa la utanzu, na ni kosa linaloua.

Kuna matini nyingine isiyoweza kukwepwa. John Kiriamiti alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu, na kitabu chake My Life in Crime kikachapishwa mwaka 1984. Mara nyingi hutolewa kama ushahidi kwamba jambazi anaweza kurekebika. Hoja hiyo naiona dhaifu: haki ya mtu kuishi haiwezi kutegemea uwezekano wa kwamba ataandika kitabu kitakachouzwa vizuri. Umuhimu wa Kiriamiti ni wa namna nyingine. Kwa kuwa alikamatwa akiwa hai, tunacho kisa kinachosimuliwa kutoka upande wa pili wa bunduki, nacho tunaweza kukisoma, kukitilia shaka, kukipima na kukikataa. Msimulizi huyu naye ana maslahi. Naye si wa kuaminiwa hivi hivi. Lakini sasa wako wawili.

Pingamizi kubwa kuliko yote halihusu falsafa. Linasema: hayo yote ni mazuri kwa anayelala nyuma ya ukuta wenye mlinzi. Mwenye duka katika mtaa wa kipato cha chini humwona aliyemwibia akirejea mtaani kwa dhamana kabla jeraha halijapona, kisha shahidi hutishwa, faili hupotea, na kesi huahirishwa hadi mlalamishi achoke. Pingamizi hili ni la kweli, na sina jibu la kuliondoa. Ninaweza kuongeza tu kwamba mtaa unaoibiwa ndio huohuo unaozika. Kituo cha haki cha Mathare kilipochapisha ripoti yake mwaka 2017 kuhusu mauaji ya polisi, kilikuwa kinaandika habari za majirani. Mama wa aliyeibiwa na mama wa aliyeuawa huteka maji kwenye mfereji mmoja.

Tena kuna jambo linalopaswa kutufedhehesha kama taifa. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu bado kinataja kifo kwa wizi wa mabavu, lakini mwaka 2009 hukumu za zaidi ya wafungwa 4,000 waliokuwa wakingoja kunyongwa zilibadilishwa kuwa vifungo vya maisha, na mwezi wa Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Mwaka huohuo wa 2009 Philip Alston, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alizuru nchi hii na kuhitimisha kwamba mauaji yaliyotendwa na polisi yalikuwa yameenea na yenye utaratibu. Mtu aliyethibitishiwa hatia baada ya ushahidi na rufaa, basi, hatunyongi; mkono wetu unatetemeka. Aliyeshukiwa tu, jioni moja barabarani, ndiye tunayemuua bila kutetemeka.

Narudi kwa yule mwanafunzi. Miezi kadhaa baada ya semina alinijia ofisini kuhusu sura ya tatu ya tasnifu yake, na tulipomaliza akabaki ameketi. Akasema amekuwa akifikiri juu ya wale watatu. Familia haikuonyeshwa chochote: si saa ya baba yake iliyoibiwa, si simu, si jina. Waliambiwa ni wao. Mama yake aliamini mara moja na akaacha kuuliza. Yeye mwenyewe, akipita soko la karibu na kwao, bado huwatazama mikono wanaume wa umri fulani, kwa kuwa mdogo wake, aliyekuwa chini ya kitanda usiku ule, alimwona mmoja wao akiwa amekatika kidole. Nilimwuliza kama maiti wale walikuwa na vidole vyote. Alisema hakuna aliyewaruhusu kutazama.