Mji Nafuu, Nafuu kwa Nani?

Mwaka jana nilikaa na daftari nikapiga hesabu za kuhama Dar es Salaam. Nyumbani mshahara ni mmoja, wangu, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Morogoro ilinivutia: kodi ya chini, mboga na matunda kutoka milima ya Uluguru, na tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar kwa takriban saa mbili. Kuandika naweza kuandikia popote. Hesabu ikakubali.

Nikamsomea mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Baba Neema, mama umemwandika mstari gani?"

Mama yake yuko Mbagala, ana kisukari. Mke wangu humwendea mara tatu kwa wiki, humpikia, humfulia, humpeleka kliniki. Siku hizo jirani hubaki na mtoto wetu, bure. Yote hayo hayakuwemo daftarini, maana hayana risiti.

Hapo nikaona kosa langu si la hesabu tu, ni la haki. Tunasema "kipato kimoja" kana kwamba anayefanya kazi ni mmoja. Kumbe mshahara wangu unatosha, pale unapotosha, kwa sababu ya kazi ya wengine isiyolipwa. Ningehama bila kuihesabu, akiba yangu ingetoka mgongoni mwao.

Sisemi tusihame. Dar inatubana kweli. Ila safari hii daftari tunaliandika wawili.