Mdai Asiwachukue Wana Wetu
(Somo: 2 Wafalme 4:1-7)



Katika kitabu cha pili cha Wafalme twasoma habari za mjane mmoja aliyemlilia nabii Elisha. Mumewe amekufa. Alikuwa mtu mcha Mungu, tena mmoja wa wana wa manabii, walakini ameacha deni nyumbani. Sasa mdai amekuja, wala hakuja kutafuta mbuzi wala shamba. Amekuja kuwachukua watoto wawili wa mjane wawe watumwa wake. Desturi za siku zile zilimpa nguvu. Na tuangalie neno hili kwanza: shida hiyo haikuingia katika nyumba ya wapagani, bali katika nyumba ya mtumishi wa Mungu. Basi asiseme mtu kwamba mambo haya hayatuhusu sisi tulio kanisani.

Mdai huyo angali akitembea katika nchi yetu ya Singida, toka Mkalama na Iramba hata Ikungi na Manyoni. Siku hizi haji na kamba wala na mjeledi; huja na maneno laini. Huja watoto wakiisha kufanya mtihani wa darasa la saba, au huja katika miezi ya njaa, ghala likiwa tupu na mtama ungali mchanga shambani. Mara nyingi ni mtu tumjuaye, pengine ni jamaa yetu. Husema kwamba yuko mama mmoja mwema Dar es Salaam, atamfundisha binti ushonaji, naye binti atamsaidia kazi kidogo za nyumbani. Mvulana naye huahidiwa ng'ombe wa kuchunga, au kazi ya machimboni. Nauli hulipwa, mzazi hutiwa fedha kidogo mkononi, na mtoto hupanda basi.

Ndugu, mwajua kwamba kuku wa Singida hupelekwa Dar es Salaam kuuzwa. Mwenye kuku hujua bei yao, hujua ni nani atakayewapokea, na jioni hupiga simu kuuliza kama wamefika wazima. Je, kwa habari ya binti yake ameuliza hayo yote? Ajua jina la mwenye nyumba? Ajua mtaa? Yesu alisema kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Imekuwaje basi mtoto akasafiri pasipo kuulizwa hata kama kuku?

Wako waliofika kwa watu wema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wako wengi waamkao kabla ya alfajiri na kulala baada ya watu wote, ambao mshahara wao huishia mikononi mwa dalali, ambao hupigwa, na ambao hawana usalama na wanaume wa nyumba ile. Akikimbia, msichana hana pa kwenda, na waovu humwokota njiani wapate kuuuza mwili wake. Na habari za machimbo si njema. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ya machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya: watoto hushuka katika mashimo marefu, tena hushika kwa mikono yao zebaki, ambayo ni sumu ya kuharibu akili na mwili. Sisi wenye machimbo katika mkoa wetu tusidhani ya kuwa hayo ni ya wengine.

Wazee wetu waliujua uchungu huu. Njia kuu ya misafara, kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo, ilipita katika nyika ya Mgunda Mkali, kusini mwa mkoa wetu, na katika misafara ile walikuwamo watu waliofungwa minyororo, hata watoto. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1922 sheria ya Tanganyika ikaukomesha utumwa. Tukiwasimulia wana wetu habari hizo, twawalaumu wale wafanya biashara. Basi wajukuu wetu watatusimuliaje sisi?

Nasi hatuna udhuru wa kutojua. Nchi yetu imeweka sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliyeitimiza aweza kufanya kazi nyepesi, isiyomdhuru afya wala kumzuilia masomo, tena apewe ujira wake. Kazi za unyonyaji, kazi za usiku na kazi za hatari zimekatazwa. Kabla yake ilitungwa Sheria ya mwaka 2008 ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, nayo yamhesabia kosa zito kabisa mtu atakayemsafirisha mtoto kwa ajili ya kumnyonya. Mwaka 2022 ilirekebishwa, ili mkosaji asilipe faini tu badala ya kufungwa.

Katika sheria hiyo liko neno moja ambalo twataka kila mzazi alishike moyoni. Yasema kwamba mtoto akiwa ndiye aliyesafirishwa, kukubali kwake si utetezi, wala kukubali kwa mzazi au mlezi wake si utetezi. Maana yake ni hii: dalali hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema, baba yake alinipa. Baba hana mamlaka ya kumtoa mwanawe anyonywe. Na hayo ndiyo tunayoyafundisha kanisani tangu zamani. Tulipomleta mtoto kwenye ubatizo tulikiri kwamba ni wa Mungu. Sisi tumewekwa kuwa walinzi tu. Mlinzi hauzi kitu alichokabidhiwa.

Labda mtu atauliza, Je, mtoto asifanye kazi? Afanye. Kuteka maji, kupalilia na mama yake, kuchunga baada ya shule, hayo ni malezi. Tena ni desturi yetu njema mtoto kukaa kwa shangazi au kwa mjomba. Lakini malezi na biashara havifanani. Aliyepelekwa kulelewa husoma, hula mezani na watoto wa nyumba ile, huzungumza na mama yake apendapo. Aliyeuzwa hunyimwa hayo yote.

Mwingine atasema, Maneno ni mazuri, lakini nyumbani hamna chakula. Basi na tumrudie Elisha. Yeye hakumwambia mjane avumilie, wala hakumwambia awape watoto ili deni liishe. Alimwuliza ana nini nyumbani, naye alikuwa na chupa moja ya mafuta. Kisha akamtuma kwa majirani aazime vyombo vitupu, wala si vichache. Mafuta yakamiminika hata vyombo vikajaa. Akauza, akalipa deni, akaishi na wanawe kwa yaliyosalia.

Mungu ndiye aliyetoa mafuta, bali vyombo vilitoka kwa majirani. Sisi tulio majirani tu wapi? Sisi watu wa Singida tunaojua kukamua alizeti, tushindweje kujaza chombo cha mjane? Kila mtaa wa usharika na uwajue watoto wanaomaliza darasa la saba mwaka huu, na nyumba zilizopungukiwa. Ada ya shule za sekondari za serikali, hata kidato cha nne, iliondolewa tangu mwaka 2016. Lakini sare, madaftari na chakula vingali vyataka fedha, na hivyo ndivyo vyombo vyetu vya kuazimana. Akija mtu kutaka mtoto, wazee wa kanisa wamwulize jina lake, aendako na atakayempokea, nao wampeleke kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mtoto yamwagiza kila mtu ajuaye ya kuwa mtoto anadhulumiwa atoe habari kwa serikali ya mahali pake. Yuko ofisa wa ustawi wa jamii. Liko Dawati la Jinsia na Watoto katika polisi. Iko simu ya kusaidia watoto, namba 116. Kutoa habari hizo si uchongezi, ni upendo.

Nanyi Wakristo mkaao mijini, ambao binti wa Singida yumo jikoni mwenu leo, mwangalieni. Ana miaka mingapi? Alipwa yeye mwenyewe? Jumapili mwendapo ibadani, yeye yuko wapi?

Mjane yule alilia, na nabii akasikia. Watoto wetu wengine hawana hata mahali pa kulilia. Bwana atupe masikio ya kuwasikia, na mikono ya kuleta vyombo kabla mdai hajafika mlangoni. Neema yake na iwe nanyi nyote. Amin.