Wanaopindua Meza na Wasiopindua

Mkristo wa Maneromango hahitaji kufundishwa maana ya kupindua meza. Jumapili baada ya ibada, mazungumzo hayakawii kutoka kwenye somo la siku na kuingia kwenye Simba na Yanga. Tuliokaa benchi moja kanisani tunagawanyika, na majirani zetu Waislamu wanaotusubiri kijiweni nao wana upande wao. Kwa hiyo si ajabu kwamba mahubiri nayo hukopa mifano ya mpira, hasa ule wa timu iliyofungwa, ikaonekana imekwisha, kisha ikashinda. Ni mfano mzuri. Lakini inafaa tuupime, maana wako watu wanaojenga matumaini yao juu yake.

Tuanze na mwaka 1979, ambao wazee wetu wanausimulia hadi leo. Katika Klabu Bingwa Afrika, Simba ilifungwa mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena hapa hapa Dar es Salaam. Nani angetegemea kitu katika mchezo wa marudiano? Simba ikasafiri hadi Lusaka, ikashinda 5-0, ikasonga mbele. Somo linalotolewa hapa tunalijua: usikate tamaa, Mungu wako anaweza kubadili matokeo wakati wengine wamekwisha kukuhesabu kuwa umeshindwa. Na Biblia inaliunga mkono. Lazaro alikuwa kaburini siku nne.

Sasa tuutazame mchezo mwingine. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger. Ikaenda Algeria, ugenini, ikashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, lakini kombe likabaki Algeria kwa sababu ya sheria ya mabao ya ugenini. Vijana wale walifanya kile kile tunachowasifia wenzao wa 1979: walifungwa nyumbani, wakapanda ndege, wakashinda mbele ya mashabiki wa wenyeji. Je, tuseme kwamba imani ya hawa ilikuwa pungufu?

Na watu wa Mufulira je? Huko nako kuna makanisa, na bila shaka kuna waliopiga magoti kuiombea timu yao. Usiku ambao Dar es Salaam ilishangilia, kwao ulikuwa usiku wa majonzi. Tukisema Mungu alionekana Lusaka katika yale mabao matano, tunamwambia nini Mkristo mwenzetu wa Zambia? Hata Simba yenyewe ilitolewa katika raundi iliyofuata.

Swali hili si la mpira tu. Katika kila usharika yuko mama aliyemwombea mtoto wake akapona, na jirani yake yuko mama aliyeomba kwa machozi yale yale akazika. Wa kwanza anasimama mbele kutoa ushuhuda, tunapiga makofi, na ni haki yake. Wa pili ameketi kimya. Tukifundisha kwamba imani ya kweli lazima ipindue meza, basi tumemhukumu mama huyu mara mbili: amempoteza mtoto, na sasa tunamwambia amepoteza kwa kukosa imani. Neno hilo huumiza kuliko msiba wenyewe.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unatusaidia sana hapa. Mwandishi anawataja waliofunga vinywa vya simba, waliozima nguvu za moto, waliookoka na makali ya upanga. Kisha, bila kubadili sura, anawataja waliopigwa mawe na waliouawa kwa upanga. Upanga ule ule: mmoja akaponyoka, mwingine akafa. Wote anawaweka katika orodha moja, na wote anasema walishuhudiwa kwa imani yao. Hakuweka orodha ya washindi na orodha ya walioshindwa.

Basi imani iko wapi? Tunaiona katika safari ya kwenda ugenini kabla ya matokeo kuiona katika ubao wa mabao. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Walisema hivyo kabla ya kuingia motoni, wakati hawajui watatokaje. Hapa Uzaramo tunao mfano wa karibu zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, walimu Waafrika waliendelea kuwalea Wakristo na kuongoza ibada. Hawakujua kama kanisa lingesimama au lingekufa. Walifanya kazi ya siku ile.

Mtu atauliza: kama matokeo si kipimo, kuna haja gani ya kuomba? Ipo. Yanga haikwenda Algeria kutalii, ilikwenda kushinda. Nasi tunaomba tukitaka kupewa, kwa ujasiri, kama mtoto kwa baba. Lakini mtoto akinyimwa haachi kuwa mtoto. Bwana Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwondokee, nacho hakikumwondokea. Alifufuka siku ya tatu, lakini alifufuka akiwa na alama za misumari. Pasaka haikuifuta Ijumaa Kuu. Tumaini letu limesimama kwenye ushindi huo aliokwisha kuupata yeye, na huo hautegemei bao la dakika ya mwisho katika maisha yetu.

Kwa hiyo tuendelee kusimulia ya 1979, ila tusimulie na ya 2023. Tukienda kumtazama mgonjwa, tusimwahidi matokeo ambayo Mungu hajatuahidi. Tuombe naye, tumletee uji, turudi tena kesho. Na siku ya shuhuda, baada ya kumpigia makofi aliyepona, tumsogelee yule aliyeketi kimya na tumwambie kwamba jina lake limo katika orodha ile ile.